Kinywa na Meno: Nani Aruhusiwe Kushika Jino Visiwani?

Barua za toleo hili zote zimetoka Mwanza na visiwa vyake vya Ziwa Victoria. Nyingi zinagusa jambo moja: huduma ya meno iko mbali, na wanaoweza kuisogeza karibu hawajui wana ruhusa ya kufanya nini.

Mimi ni muuguzi wa zahanati kisiwani, wilaya ya Ukerewe. Nasikia Marekani na Uingereza wamelegeza masharti, wataalamu wa usafi wa kinywa wanahudumia watu bila daktari wa meno kuwapo. Huku kwetu mtoto akiumwa jino anapewa panadoli na kuambiwa avumilie mpaka apatikane wa kumpeleka Nansio, makao makuu ya wilaya. Kwa nini nisiruhusiwe angalau kuwapaka watoto dawa ya floraidi? — Muuguzi, Ukerewe

Dada muuguzi, ulichosikia ni kweli, na kina historia ndefu. Kazi ya mtaalamu wa usafi wa kinywa ilianzia Bridgeport, Connecticut, Marekani, mwaka 1906, daktari wa meno Alfred Fones alipomfundisha msaidizi wake Irene Newman kusafisha meno ya wagonjwa. Sheria zilizofuata zilimfunga mtaalamu huyo kwa daktari. Kuna majimbo yaliyotaka daktari awe ndani ya jengo, na mengine yaliyotaka awe amemwona mgonjwa kwanza. Colorado ilifungua mlango mwaka 1987 kwa kumruhusu afungue huduma yake mwenyewe. Uingereza iliondoa sharti la kupitia kwa daktari tarehe 1 Mei 2013, na mwaka 2024 wataalamu hao, wakishapata mafunzo, waliruhusiwa kutumia ganzi na dawa za floraidi bila maandishi ya daktari. Mfano unaofanana zaidi na visiwa vyetu ni jimbo la Alaska, Marekani. Huko vijiji hufikiwa kwa ndege ndogo au boti, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wenyeji walipelekwa New Zealand kusomea utabibu wa meno, wakarudi kuhudumia kwao. Madaktari wa meno walikwenda mahakamani kupinga. Matabibu wale wanaendelea na kazi hadi leo.

Sasa tuje kwetu. Tanzania imekuwa na tabibu wa meno kwa miaka mingi. Anasoma stashahada ya miaka mitatu, anakwangua ugaga, anaziba na kung'oa kwa ganzi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile wenzetu walichokigombania, sisi tunayo. Shida ni kwamba tabibu huyo yuko hospitali ya wilaya au kituo cha afya, na mgonjwa yuko zahanati. Ngazi inayohitaji kulegezewa masharti ni ile uliyopo wewe.

Maoni yetu ni haya: ruhusa ipimwe kwa kazi yenyewe, kwa kuuliza mkono ukikosea mgonjwa atadhurika vipi. Kupaka vanishi ya floraidi ya 5%, yaani dawa uliyoiulizia, ni kazi ambayo ni vigumu kumdhuru mtu nayo. Huko Uskoti, wasaidizi wa madaktari wa meno waliopewa mafunzo ya ziada huwapaka watoto shuleni na kwenye shule za awali. Mtoto hukaa akiangalia juu, meno yanafutwa kwa kitambaa chepesi cha hospitali (yakibaki na unyevu kidogo si tatizo), na vanishi hupakwa kwa brashi ndogo kama utando mwembamba. Mtoto mwenye meno ya utoto pekee humtosha mililita 0.25, hivyo mrija wa mililita 10 huhudumia watoto 40. Mwenye mchanganyiko wa meno ya utoto na ya ukubwani hupata hadi mililita 0.4. Asile kitu kigumu kwa saa mbili hivi, asipige mswaki mpaka kesho yake, na arudi baada ya miezi sita. Kosa la kawaida ni kupaka nyingi ukidhani ndiyo nguvu. Kosa la pili ni kusahau kuuliza. Mtoto aliyewahi kulazwa kwa pumu au mzio mkali asipakwe, kwa sababu vanishi nyingi zina utomvu wa msonobari ndani yake. Mwenye vidonda mdomoni naye asubiri vipone.

Sindano ya ganzi, kung'oa jino la kudumu na kukwangua chini ya fizi zisishuke hadi zahanati. Ganzi ikiingia kwenye mshipa wa damu, au mzizi ukivunjikia ndani, anahitajika mtu aliyesomea jinsi ya kujinasua, tena akiwa na vifaa. Hapo hatutaki masharti yalegezwe hata kidogo.

Usianze peke yako, maana leseni yako ndiyo itakayoulizwa. Andika barua kwa mganga mkuu wa wilaya kupitia kwa daktari wa meno wa wilaya, uombe vitu vinne kwa maandishi: maelekezo yanayotaja kazi unayoruhusiwa na unayokatazwa, mafunzo yanayohusisha kupaka watoto halisi mbele ya tabibu (sisi tusingekubali chini ya 20), daftari la kumbukumbu, na namba ya simu ya tabibu atakayepokea rufaa zako. Tunalisisitiza hilo la nne. Ukipaka vanishi bila njia ya rufaa, utakuwa unapita juu ya meno yenye usaha na kumwacha mtoto arudi nayo nyumbani.

Shuleni walikuja wataalamu wakawapaka watoto dawa. Matundu ya binti yangu wa miaka mitano yamekuwa meusi kama mkaa. Shikamoo daktari, nimeogopa. Wamemharibu? — Mama wa watoto watatu, Nansio

Marahaba mama. Hawakumharibu, ingawa walipaswa kukueleza na kupata idhini yako kabla ya kupaka. Hiyo ni dawa ya madini ya fedha na floraidi ya 38%, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Fedha huua vijidudu ndani ya tundu, floraidi huimarisha jino, na weusi ni alama kwamba sehemu iliyooza imeshika dawa. Sehemu ya jino isiyooza haibadiliki rangi.

Pitisha kijiti cha meno taratibu kwenye weusi. Ukisikia pagumu, uozo umesimama. Pakiwa laini, inahitaji kurudiwa, na kwa kawaida hupakwa mara mbili kwa mwaka. Dawa hii haijazi tundu, kwa hiyo chakula kitaendelea kunasa na mswaki lazima uendelee. Jino la mbele likikusumbua kwa sura yake, tabibu anaweza kuliziba juu ya weusi huo. Doa la kwenye mdomo au shavu hutoka lenyewe ndani ya wiki moja au mbili. La kwenye sare ya shule halitoki.

Kuna hali za kukimbilia hospitali: binti akiamka usiku kwa maumivu, au ukiona kipele cha usaha kwenye fizi. Hapo uozo umeshafika kwenye kiini na dawa hii haiwezi kumsaidia.

Naziba meno kwa glasi-ayonoma (saruji ya meno) bila mashine, kwa vifaa vya mkono, kwenye ziara za vijijini. Mwezi hauishi, mgonjwa anarudi tundu likiwa wazi. Saruji ni mbovu? — Tabibu wa meno, Sengerema

Inawezekana, lakini kabla ya kuilaumu saruji kagua mkono. Njia hii ilianza kutengenezwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu umeme na mashine havikuwapo vijijini, na ukifuata kila hatua hudumu miaka. Inapofeli mapema, sababu huwa mate, uozo ulioachwa ukingoni, au saruji iliyokorogwa vibaya.

Anza na mate. Weka pamba pande zote mbili za jino, na kwa jino la chini ongeza ya tatu chini ya ulimi. Badilisha pamba kabla hujakoroga, usisubiri ilowe. Mate yakigusa ukuta wa tundu ulioshaoshwa, saruji haitashika, na itabidi uoshe upya kwa asidi.

Uozo ukwanguliwe ukianzia kwenye mpaka wa gamba gumu na dentini (tabaka lililo chini ya gamba), kuzunguka tundu lote. Hapo ndipo saruji hushikilia, na hapo ndipo wengi huacha kitu laini kwa kuwa kijiko hakifiki. Vunja kingo za gamba zisizo na dentini chini yake kwa kifaa cha kufungulia tundu, upate nafasi. Sakafuni, karibu na kiini, kuwa mpole. Dentini iliyobadilika rangi lakini ni ngumu iache. Ukiitoa utafungua kiini na jino litaishia kung'olewa.

Kisha sugua kuta kwa pamba yenye asidi ya kuoshea kwa sekunde 10 hadi 15. Osha kwa pamba mbili au tatu za maji safi, na kausha kwa pamba kavu. Usipulize kwa mdomo: pumzi ina unyevu na vijidudu. Jino likaukie kiasi tu, lisiwe jeupe kama chokaa.

Kwenye kukoroga ndiko tunakodhani tatizo lako liko, maana joto na unyevu wa mwambao huu huiharibu saruji upesi. Unga ukiachwa wazi hunyonya unyevu wa ziwa na kuwa mabonge, hivyo funika chupa mara tu ukishachota. Chota kijiko kimoja, usawazishe kwa ukingo wa chupa bila kukandamiza. Chupa ya maji ya saruji ilaze kwanza ili hewa itoke, kisha isimamishe wima kichwa chini na udondoshe tone moja zima. Tone lenye povu ni pungufu, litupe. Soma karatasi ya mtengenezaji, kwani vipimo hutofautiana. Gawa unga mara mbili, changanya nusu ya kwanza kwa sekunde 10 hivi, ongeza ya pili, na umalize ndani ya sekunde 30. Mchana wa joto, koroga juu ya kigae cha kioo kilichopozwa kwa maji na kufutwa kikakauka kabisa.

Tazama mng'ao. Saruji inayong'aa bado ina asidi ya kushikana na jino. Ikishafifia imekwisha, hata kama bado inatandika vizuri. Itupe ukoroge nyingine. Tunajua inauma kutupa kitu kilichosafirishwa kwa boti, lakini jino litakalorudi wazi litakula saruji mara mbili.

Jaza kidogo kupita kiasi, paka mafuta ya mgando kwenye kidole chenye glavu, kandamiza kwa sekunde 30, ondoa ziada, na mwache mgonjwa aume karatasi ya kaboni. Alama nzito ikitokea juu ya ziba, ipunguze. Ziba refu linalogongwa kila anapotafuna halifiki hata mwezi. Paka mafuta tena juu, asile kwa saa moja. Na chagua matundu: la upande mmoja wa jino hudumu kuliko linaloshika pande mbili, hasa kwenye meno ya utoto.

Kwenye mwalo wetu huku Kome kuna jamaa anang'oa meno. Anachemsha vifaa kwenye sufuria mbele yetu. Kuna ubaya gani, wakati hospitali ni nauli ya boti na siku nzima ya kazi? — Mvuvi, Buchosa

Ndugu yetu, kupoteza siku ya ziwani si jambo dogo, tunalielewa. Lakini kuchemsha hakutakasi vifaa vya kung'olea. Ziwa Victoria liko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mbegu za vijidudu kama vya pepopunda hustahimili hali hiyo. Kirusi cha homa ya ini aina ya B nacho huishi kwenye damu iliyokauka kwa siku saba au zaidi, hivyo koleo iliyochovywa haraka kati ya mtu na mtu yaweza kuwa bado inacho.

Njia sahihi ni hii. Vifaa vilivyotumika viloweke dakika 10 kwenye maji ya klorini ya 0.5%. Kama klorini ya dukani ni ya 3.5%, changanya kikombe kimoja na vikombe sita vya maji. Visizidi muda huo, vitaota kutu. Kisha visuguliwe kwa brashi na sabuni, vioshwe, vifungwe, na vipikwe kwa mvuke wenye mgandamizo kwenye nyuzi 121 kwa dakika 30. Otoklevu (chombo cha kutakasia kwa mvuke huo) ndogo inayokaa juu ya jiko la gesi inaweza kufanya kazi hiyo hata mahali pasipo na umeme.

Kabla hujafungua mdomo, mwulize huyo jamaa jina la chuo chake, na aoneshe usajili na leseni. Tabibu wa meno aliyesajiliwa haoni tabu kuvionesha. Angalia pia sindano na chupa ya ganzi: vyote viwe vipya kwa kila mtu. Kuhifadhi ganzi iliyobaki kwa ajili ya mgonjwa anayefuata ni kugawana damu.

Tunawashauri wavuvi mwombe jambo lingine kupitia uongozi wa mwalo na kijiji. Mwombeni tabibu wa wilaya aje kwa ratiba inayofuata mwezi. Usiku wa mbalamwezi uvuvi wa dagaa wa taa husimama na wengi mko nchi kavu. Ziara ikipangwa siku hizo, atakuta watu.

Kukwanguliwa ugaga kunalegeza meno? — Nyamagana

Hapana. Ugaga mwingi hushikanisha meno kama zege huku mfupa ukiliwa chini yake. Ukiondolewa, unauona ulegevu uliokuwapo tangu zamani. Baridi itakuuma kwa siku kadhaa, kisha itaisha. Ukiuacha, mfupa utaendelea kuliwa.

Nina wanafunzi 400, maji ni ya kuchota ziwani. Naweza kuanzisha kupiga mswaki shuleni? — Mwalimu wa afya, Ilemela

Mwalimu, unaweza, na maji hayatakukwamisha, kwa sababu baada ya kupiga mswaki mtoto anapaswa kutema tu bila kusukutua. Akisukutua anaosha floraidi ambayo ndiyo tunaitaka ibaki. Maji ni ya kusuuzia mswaki: nusu kikombe cha chai, tena yaliyotibiwa.

Dawa iwe na floraidi kati ya ppm 1,000 na 1,500 (sehemu kwa milioni), kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa boksi. Kiasi cha punje ya njegere ni karibu gramu 0.25. Watoto 400 watatumia gramu 100 kwa siku, yaani boksi moja kubwa. Kwa siku 190 za masomo ni maboksi 190, na hapo mwaka wa kwanza huwa ndipo mipango mingi inakatikia, kwa kuwa walinunua miswaki wakasahau kwamba dawa huisha kila siku. Kama fedha haitoshi, anza na darasa la awali na la kwanza, maana magego ya kudumu ya kwanza huota kwenye miaka sita na huoza mapema.

Mwalimu ndiye akamue dawa. Miswaki iandikwe majina, isimamishwe kwenye ubao wenye matundu, vichwa visigusane, na isifunikwe ikiwa mbichi. Badilisha kila miezi mitatu, au mapema nyuzi zikitawanyika. Watoto wanaotumia mswaki wa mti waendelee nao, ila wauchovye kwenye dawa hiyo hiyo. Kisha tazama kibanda kilicho getini: pipi na soda za kila mapumziko zitaishinda kazi yako ya asubuhi.

Mjukuu wangu wa miezi sita anaharisha na ana homa. Jirani anasema ni meno ya plastiki, yatolewe. — Bibi, Magu

Shikamoo bibi. Tafadhali asiguswe. Vile vivimbe vyeupe kwenye fizi ni meno ya chonge yanayojiandaa, ambayo huota karibu na mwaka mmoja na nusu. Yakichokolewa, mtoto anaweza kuvuja damu sana, kupata pepopunda au virusi kutoka kwenye kifaa, na chonge zake za ukubwani kuota mbovu au kutoota kabisa. Homa na kuharisha vina chanzo kingine, mara nyingi malaria au maji machafu. Aendelee kunyonya, apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kila anapoharisha, na apelekwe zahanati leo apimwe malaria na kupewa zinki. Akiwa amelegea, macho yameingia ndani au hawezi kunyonya, ni hospitali moja kwa moja.

Mdogo wetu ana miaka sita. Magego ya juu yanalegea na shavu limevimba. Ametumia dawa za jino wiki mbili, uvimbe unazidi. Mafundi wanasema ang'olewe. — Kaka mtu, Ukara

Asing'olewe. Miaka sita meno ya mbele hulegea kwa kawaida, magego hayalegei. Magego kulegea pamoja na taya kuvimba haraka, bila tundu linaloeleza usaha, ni dalili ya saratani iitwayo limfoma ya Burkitt, inayowapata watoto wa maeneo yenye malaria kama mwambao wetu. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili. Hukua kwa kasi ya siku, na kung'oa meno hakuipunguzi. Ila husikia vizuri dawa za saratani ikiwahiwa.

Huenda ni kitu kingine, na hilo litajulikana kwa kuchukua kipande na kukipima. Ombeni barua ya rufaa zahanati leo, iandikwe waziwazi kwamba taya linavimba na magego yanalegea, ili mapokezi wasimweke kwenye foleni ya meno. Angalieni pia tumbo kama limejaa, jicho kama linasukumwa nje, au miguu kama inapoteza nguvu, na yaandikwe. Vukeni hadi Bugolora kwa kivuko cha kwanza, mfike Nansio mpande meli ya Mwanza, mwende hospitali ya rufaa ya Bugando. Msingoje siku ya kliniki.